Pombe tunaikemea, sigara tunaikemea, sahani hatuigusi: Mkristo na ulaji wake

#1 Mleta uzi

Wakuu, Bwana asifiwe kwa wale wa Bwana asifiwe, Tumsifu Yesu Kristo kwa wale wa Tumsifu, na wengine wote salaam.

Niende moja kwa moja. Mlokole akionekana na chupa ya bia, taarifa itamfikia mzee wa kanisa kabla chupa haijaisha. Huyo huyo akionekana anashughulikia sahani ya tatu kwenye sherehe ya kanisa, ataambiwa "mtumishi ongeza, nyama bado ipo." Sasa fungua Mithali 23:20-21. Mlevi na mlafi wamewekwa bega kwa bega kwenye sentensi moja, na wote wawili wanaambiwa mwisho wao ni umaskini. Nusu ya mstari tumeihubiri, nusu iliyobaki tumeila.

Kabla watu hawajaanza kutoa povu: huu si uzi wa kusema wanene. Unene una mambo mengi ndani yake, kuna kurithi, kuna dawa zinazonenepesha, kuna kukosa usingizi, kuna maisha ya kukaa kwenye kiti kutwa nzima. Kuna wembamba walafi na wanene wanaokula kwa kiasi kuliko wewe na mimi. Ninachotaka tuongee ni kitu kingine: imani yetu inasema nini hasa kuhusu chakula, na ni wapi tunaisingizia.

Maana kusingizia kupo kwingi. Siku hizi kila mwenye kuuza unga wa kupunguza tumbo ana mstari wake. Tuanze na ule unaopendwa kuliko yote, "mwili wenu ni hekalu la Roho Mtakatifu," 1 Wakorintho 6:19. Ukisoma kuanzia mstari wa 12 utaona Paulo hapo anaongelea zinaa. Tena chakula kinatajwa palepale, mstari wa 13, kama kitu ambacho Mungu atakiondoa pamoja na tumbo lenyewe. Na lile hekalu la sura ya 3:16-17, ni kusanyiko la waamini wote, wala si mwili wa mtu mmoja mmoja. Je, tunaweza kuutumia mstari wa 6:19 kwenye chakula? Naona inawezekana, kwa sababu hoja yake ni pana: mwili umenunuliwa kwa thamani, si mali yako ufanye utakavyo. Ila tuseme ukweli kwamba tunaupanua. Kama unataka mstari ambao kweli unaongelea kula, nenda 10:31, "mlapo, au mnywapo, au mtendapo neno lo lote, fanyeni yote kwa utukufu wa Mungu." Hapo ishu ilikuwa nyama halisi, iliyouzwa sokoni na kuwekwa mezani.

Wa pili ni Danieli. Hapa ndipo ninapochoka kabisa. Watu wanatangaza "mfungo wa Danieli" wa kupunguza uzito. Someni sura ya 1 taratibu. Danieli alikataa chakula cha mfalme na divai yake asijitie unajisi. Habari ya mafuta kwenye mishipa haimo. Aliomba ajaribiwe siku kumi kwa vyakula vya shambani na maji. Na matokeo je? Mstari wa 15 unasema yeye na wenzake walionekana wamenenepa kuliko vijana wote waliokula chakula cha mfalme. Wamenenepa! Mtu anafunga mfungo wa Danieli apungue, mwenyewe Danieli alitoka amejaa mashavu. Halafu sura ya 10:2-3, akiwa mtu mzima, anasema kwa wiki tatu hakula chakula kitamu, nyama wala divai. Kama aliacha kwa wiki tatu za maombolezo, maana yake siku nyingine vilikuwa vinapita. Danieli hakuwa mla majani wa maisha.

Wa tatu ni mkate wa Ezekieli. Huko Marekani unauzwa kama mkate wa afya: ngano, shayiri, maharage, dengu na wenzao, kama ilivyo Ezekieli 4:9. Nafaka na jamii ya kunde kwa pamoja ni chakula kizuri, protini ya hiki inaziba pengo la kile, sina ugomvi. Lakini mwendelezo wake hawauandiki kwenye mfuko. Ule ni mkate wa mji uliozingirwa na adui, watu wanachanganya masalia ya kila gunia. Kipimo chake ni shekeli ishirini kwa siku, kama gramu 230 hivi, maji ya kupimiwa, na kuni zake ni mavi. Ezekieli mwenyewe alilalamika mpaka akaruhusiwa atumie ya ng'ombe badala ya yale ya binadamu aliyoambiwa mwanzo. Ilikuwa ishara ya hukumu. Leo ni kifungua kinywa cha watu wa mazoezi.

Na wale wa "Mwanzo 1:29 inatosha, tule mimea tu": sawa, mimea ndiyo iliyotajwa kwanza. Lakini Mwanzo 9:3 nyama ikaruhusiwa, na Luka 24:42-43 Bwana aliyefufuka akapewa kipande cha samaki akala mbele yao. Ukiacha nyama kwa sababu ya figo zako, vizuri sana. Usiniambie umemzidi Yesu utakatifu. Hata orodha ya Walawi 11, wengi wetu tunaifanya somo la usafi na minyoo, wakati sura yenyewe inatoa sababu yake mwishoni, mstari wa 44: muwe watakatifu, mtengwe. Ngamia naye amekatazwa, na hakuna aliyewahi kuniambia ngamia ana shida gani kiafya.

Kwa hiyo msimamo wangu: Biblia haina menyu. Ukitafuta menyu humo utaishia kulazimisha maandiko yaseme ulichokwisha kuamua kula. Ilicho nacho, na kwa wingi, ni adabu ya meza: kula kiasi, kula kwa shukrani, na kula huku ukimwangalia aliyekaa pembeni yako. Chakula gani kina nini, hiyo kazi Mungu ameiacha kwa akili aliyotupa, na watu wa lishe wameifanya.

Tuangalie kiasi. Mana ya Kutoka 16 ilikuwa na kipimo, omeri moja kwa kila mtu, na aliyelimbikiza ikamwozea na kutoa mabuu. Baadaye Hesabu 11 watu wakalilia nyama, wakapewa kware, wakakusanya usiku na mchana, na pale wakazikwa wengi mpaka mahali pakaitwa Kibroth-hataava, makaburi ya tamaa. Mithali 25:16 inasema hata asali, kitu kizuri kabisa, ule ya kukutosha usije ukaitapika. Na kuna Ezekieli 16:49, mstari ambao sijawahi kuusikia ukihubiriwa. Dhambi ya Sodoma inaorodheshwa pale, na ndani yake kuna kiburi, kushiba, starehe, na kutomsaidia maskini. Kushiba kumo! Huko kote tunakopeleka habari za Sodoma, hapa hatufiki.

Wakristo wa zamani hawakuona aibu kuliongelea tumbo. Evagrius wa Ponto, mmonaki wa karne ya 4, alipopanga mawazo manane mabaya yanayomshambulia mtu, ulafi aliuweka wa kwanza kabisa. Papa Gregori Mkuu (590-604), katika maelezo yake marefu ya kitabu cha Ayubu, akachambua kwamba ulafi una milango mitano, na kila mlango akautafutia mtu wa Biblia. Kula kabla ya wakati: Yonathani na asali. Kutaka vya hadhi ya juu: Israeli walioidharau mana. Kudai kipikwe kwa namna yako wewe: wana wa Eli waliokataa nyama iliyochemshwa wakataka mbichi. Kula kingi kupita kiasi: Sodoma. Kula kwa pupa hata kama chakula ni cha kawaida: Esau, aliyeuza haki ya mzaliwa wa kwanza kwa bakuli la dengu.

Hebu tulia na hilo la Esau. Dengu! Mtaalamu yeyote wa lishe angempigia makofi: nyuzinyuzi, protini, mafuta kidogo. Na Eliya, 1 Wafalme 17:6, analetewa nyama na kunguru asubuhi na jioni, na hakuna anayemlaumu. Kwa hiyo unaweza kula chakula bora kabisa kiafya na bado ukawa mlafi. Na ule mlango wa tatu, wa kudai maandalizi ya pekee, umejaa watu wa "kula safi" wa leo. Mtu anakaribishwa nyumbani kwa watu, mwenyeji amehangaika jikoni, yeye anaanza kuhoji mafuta yaliyotumika na kutoa somo la wanga mezani. Huyo naye yumo kwenye orodha ya Gregori, na hajagundua.

Sasa niwapeleke kwenye meza ninayoijua vizuri, ya semina ya kanisa. Ni mapumziko ya saa nne. Meza ndefu, kitambaa cheupe. Soda zimepangwa mistari, kreti tatu. Keki. Vya kukaanga vya aina mbili, karatasi iliyo chini yake imelowa mafuta mpaka unaona mbao. Maji yapo, chupa chache, pembeni, za wahubiri. Shemasi anaomba: "Bwana kibariki chakula hiki, kiwe afya katika miili yetu." Tunasema amina kwa nguvu. Nyuma kabisa kuna mama mtu mzima ana kisukari, kila mtu anajua anacho. Anaulizwa "mama hujachukua?" anajibu "nimeshiba, mwanangu." Hajashiba. Hakuna kitu chake pale.

Chupa moja ya soda ya mililita 330 ina sukari kama gramu 35. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, ambayo kwa mtu wa kalori 2,000 ni kama gramu 50, na linasema ikishuka chini ya gramu 25 ni bora zaidi. Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, kwa vyakula vyote vya siku. Matunda na mboga angalau gramu 400. Tukapime meza yetu hiyo kwa vipimo hivyo, halafu turudie ile sala. 1 Timotheo 4:4-5 inasema chakula kinatakaswa kwa neno la Mungu na kwa kuomba. Kinatakaswa, naamini. Sukari haipungui.

Na Benedikto, yule wa watawa, karne ya 6, katika kanuni yake sura ya 39 aliagiza meza iwe na vyakula viwili vilivyopikwa, ili asiyeweza kula hiki ale kile. Miaka 1,500 iliyopita mtu ameshamfikiria yule mama wa nyuma. Sisi tuna kamati ya chakula yenye mwenyekiti, katibu na mhazini.

Naomba kuwasilisha. Karibuni kwa hoja.

#2

Mkuu umetuvamia na sahani zetu, tumekukosea nini? Marko 7 iko wazi, kimwingiacho mtu hakimtii unajisi, kimtokacho ndicho kimtiacho. Mimi naombea, nakula, nalala. Hayo ya gramu waachieni madaktari. Tusije tukarudishwa chini ya sheria kwa mlango wa jikoni.

#3 Mleta uzi

Mkuu #2, hofu yako ya sheria ni ya haki kabisa na nakuunga mkono. Paulo aliwakemea Wakolosai (2:20-23) kwa amri za "usishike, usionje, usiguse." Akamwonya Timotheo juu ya watakaokataza watu vyakula. Kanisa likianza kuuliza watu wanakula nini kabla ya kuwapa huduma, mimi nitakuwa wa kwanza kuandamana.

Ila Marko 7 inaongelea unajisi. Yesu anasema kinaingia tumboni kisha kinatoka chooni, hakigusi moyo, yaani ule moyo wa kiroho. Hakusema hakigusi ini. Mtu aliyekula uyoga wa sumu hajanajisika, lakini tutamzika.

Na huyu Paulo mwenye uhuru wote ndiye aliyemwandikia Timotheo (1 Tim 5:23) asiendelee kunywa maji tu, atumie divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake na magonjwa yake ya mara kwa mara. Timotheo alikuwa mtumishi, aliwekewa mikono, na bado tumbo lilimsumbua. Paulo hakumwambia hana imani. Alimshauri abadilishe anachokunywa. Kwa hiyo mtume alijua kinachoingia kinabadilisha hali ya mwili, na hakuona kwamba kulisema hilo kunapunguza maombi.

#4

Wapendwa, sisi Waadventista Wasabato haya tumeyasema tangu Ellen White, mmoja wa waasisi wa kanisa letu, alipopata njozi ya afya mwaka 1863, mkatucheka. 1866 tukafungua taasisi ya afya Battle Creek, Michigan. Utafiti wa California uliotoka 2001 ulionyesha wanaume Waadventista wanaishi miaka 7.3 zaidi ya wanaume wengine wa jimbo hilo, na wanawake miaka 4.4 zaidi. Wala si kanisa lililojisifu, yaliandikwa kwenye jarida la kitabibu. Mleta uzi anasema Biblia haina menyu. Sawa, lakini kuna kanisa limekula kwa mpangilio na matunda yake yanahesabika.

#5 Mleta uzi

Ndugu #4, heshima yenu. Katika makanisa yote mmelichukua jambo hili kwa uzito kuliko sisi, na takwimu hizo nazijua, ni za kweli. Wengi tuliwacheka tukiwa na chupa ya soda mkononi.

Nina mawili ya kuongeza. Watafiti wenyewe hawakusema ni nyama tu. Walichambua mambo kadhaa kwa pamoja: kutovuta sigara, kufanya mazoezi, uzito wa mwili, kula karanga na jamii yake mara kwa mara, na kutokula nyama. Mtu akiacha nyama halafu akaishi kwa chipsi na soda, ni mla mimea halali kabisa na hiyo miaka saba asiisubiri. Pia walifuatilia watu wanavyoishi, hawakuwagawa kwa kura huyu ale hivi na yule vile, kwa hiyo kuishi pamoja kama jamii, kupumzika siku moja kwa wiki, kuwa na watu wanaokujulia hali, vyote vinaweza kuwa vimechangia humo humo. Mimi binafsi nadhani hilo la mwisho tunalidharau sana.

La pili ni Warumi 14. Paulo alikutana na hali hii hii: mmoja anakula vyote, mwingine mboga tu. Akaagiza anayekula asimdharau asiyekula, na asiyekula asimhukumu anayekula. Angalieni alivyogawa onyo. Alijua mla vyote hushika dharau na mla mboga hushika hukumu, kila mmoja akapewa lake.

#6

Samahanini naingilia. Mimi nina jambo la kweli si la nadharia. Mama yangu ana kisukari, yuko kwenye sindano za insulini. Kanisani kwake kumetangazwa mfungo wa wiki tatu, kutokula mpaka jioni, na kiongozi wa maombi amesema atakayefunga kwa imani hatadhurika, tena wengine watatupa dawa. Mama ameshaamua. Nikimzuia ananiambia napigana na Mungu. Nifanyeje?

#7

Dada yangu #6, mimi ni muuguzi na ni mwombaji pia, huu uzi nilikuwa napita tu lakini hapa nimesimama.

Akidunga insulini ile ile ya kila siku na asile, sukari itashuka chini ya kiwango. Hiyo ni hatari ya saa chache, haisubiri wiki. Wanaomeza glibenklamidi, vidonge vya kushusha sukari, nao wamo kwenye hatari hiyo hiyo. Akiacha sindano ili afunge, sukari inapanda, na kwa baadhi ya wagonjwa damu inaingia tindikali na wanalazwa hoi. Kwa hiyo njia zote mbili, ya kufunga na sindano na ya kufunga bila sindano, si za kuamua kanisani. Zinaamuliwa kliniki, na daktari wake, kabla ya mfungo. Kuna wagonjwa wa kisukari wanaoruhusiwa kufunga kidogo kwa kupangiwa dozi upya na kupima sukari mara nyingi. Kuna ambao jibu ni hapana.

Naomba na wengine msome hili. Sukari ikishuka mtu anatoka jasho jingi, anatetemeka, moyo unakwenda mbio, anaongea visivyoeleweka, anaweza kuwa mkali, halafu anaanguka. Sasa fikirini hayo yatokee katikati ya maombi ya nguvu. Nimeona mtu wa namna hiyo akizungukwa na kukemewa pepo wakati anachohitaji ni kitu kitamu mdomoni. Akiwa bado anameza, mpe mara moja kitu chenye sukari, nusu glasi ya soda ya kawaida au maji yenye vijiko vitatu vinne vya sukari, subiri kama dakika kumi na tano, pima tena au mpe tena, kisha ale chakula. Akiwa amezimia usimmiminie chochote mdomoni, atapaliwa. Mlaze ubavu, gari, hospitali. Kemea ukiwa njiani.

Kuhusu kumwambia mama: usibishane naye kama msomi. Msomee Mathayo 4. Shetani alimpeleka Yesu kwenye kinara cha hekalu, akamwambia jirushe, akamnukulia na Zaburi kabisa kwamba malaika watamdaka. Yesu akajibu usimjaribu Bwana Mungu wako. Aliyekuwa anasema "kwa imani hutadhurika" pale alikuwa nani?

Na umwambie kwamba makanisa yenye mifungo ya karne na karne yameweka mipaka. Wakatoliki, sheria yao inawafunga watu wazima mpaka wanapoanza mwaka wa sitini, na wagonjwa wanaachiliwa. Mama anaweza kufunga vitu vingine: simu, runinga, maneno. Isaya 58 inaelezea mfungo Mungu aliouchagua, na ndani yake kuna kumgawia mwenye njaa chakula chako. Huo hauhitaji kushusha sukari ya mtu.

#8

Muuguzi ubarikiwe. Mimi naomba kuuliza, sisi huwa tunamaliza mfungo mrefu kwa karamu siku ile ile. Watu wanaumwa tumbo, mmoja alilazwa. Tuliambiwa ni vita ya adui.

#9

Ni #7 tena. Adui mwingine hapo ni mpishi. Mtu aliyekaa siku nyingi bila kula, hasa kama alikuwa dhaifu tangu mwanzo, akipewa wanga mwingi kwa ghafla, madini ya damu, fosfeti hasa, yanashuka haraka, na moyo unaweza kushindwa kazi. Jambo hili lilionekana wazi kwa wafungwa waliotolewa kwenye kambi baada ya Vita vya Pili vya Dunia: walinusurika njaa, wengine wakafa kwa kulishwa. Waliofunga mpaka jioni hawako kwenye hatari hiyo, wao watavimbiwa tu. Lakini mifungo ya siku nyingi mfululizo ifunguliwe kwa vyakula laini, kidogo kidogo, kwa siku kadhaa, na anayejisikia vibaya apelekwe hospitali. Ile ya bila maji kwa siku tatu, naomba msijaribu kwa sababu Esta alifanya. Figo hazisomi kitabu cha Esta.

Msichana aliyefufuliwa katika Marko 5 mnakumbuka Yesu alisema nini baada ya muujiza? Apewe chakula. Na Eliya alipotaka kufa, malaika hakumpa hotuba, alimpa mkate na maji, akalala, akaamshwa akala tena. Mungu wetu anajali watu wamekula.

#10

Hivi kwa nini tunafunga kama adhabu? Sisi Waorthodoksi tunafunga sehemu kubwa ya mwaka, nyama, mayai na maziwa vinawekwa kando, ila tunakula. Jumatano na Ijumaa zimo kwenye Didake, maandishi ya Wakristo wa mwanzo kabisa. Mtu akikua ndani ya utaratibu huo anajifunza kuliambia tumbo "leo hapana" bila kelele, na kesho kuliambia "karibu." Tatizo la wengi humu mnafunga wiki tatu kwa kishindo, halafu wiki arobaini na tisa tumbo ndilo mchungaji.

#11 Mleta uzi

#10 umenigusa pabaya, hiyo ya tumbo kuwa mchungaji naichukua. Paulo alisema "mungu wao ni tumbo" (Wafilipi 3:19), wewe umeshusha cheo kidogo.

Na ni kweli, kiasi ni tunda la Roho, Wagalatia 5:23, na tunda halikui kwa tukio moja kwa mwaka. Ila niseme, kuna mtu aliyezoea kula kwa sababu ya msongo, upweke au huzuni. Huyo ukimwambia "tubu ulafi" unamwongezea mzigo utakaomrudisha kwenye kula. Anahitaji mtu wa kukaa naye mezani, na wakati mwingine mshauri wa kitaalamu. Tuwe na jicho la kutofautisha.

#12

Mimi niko kwenye kamati ya chakula ya kanisa. Nimesoma kimya kimya toka mwanzo na ile meza ya kitambaa cheupe ni kama umepiga picha kwetu. Nikienda na hoja hii kikao kijacho nitaambiwa nabana matumizi au nimeanza ubishi. Nianzie wapi?

#13 Mleta uzi

Ubarikiwe kwa kuuliza. Usiende na hoja, nenda na daftari la manunuzi. Soda na keki ndivyo vinavyokula bajeti. Omba nusu ya fedha ya soda iwe maji na matunda ya msimu, hutasikia mtu anapinga maji kwenye kikao. Maji yakae mwanzo wa meza na soda mwisho, kwa sababu watu hujaza mikono na cha kwanza wanachokikuta. Sukari iwekwe pembeni kila mtu ajitilie, isichanganywe jikoni. Cha kukaanga kiwe aina moja, na kuwe na kitu kimoja cha kuchemsha au kuchoma. Mpishi apunguze chumvi na chumvi ya mezani iondolewe. Wenye presha hawatakushukuru maana hawatajua, na si lazima wajue.

Usitangaze madhabahuni kwamba tumeanza ulaji bora. Ukitangaza, wale wa #2 wataleta soda zao kwenye mifuko. Sahani ya wageni iwe sawa na ya watu wote, tusiwe kama Wakorintho wa sura ya 11, huyu ana njaa na huyu amelewa.

Na kabla ya semina mtafute yule mama wa nyuma umuulize anaweza kula nini. Muulize peke yake, si kwenye kipaza sauti.